Siti skani ya mishipa ya moyo: chai ya rangi ilinichelewesha

Kifua kilikuwa kinanibana kila nikipanda ngazi za ofisini. Daktari akashauri tuanze na siti skani ya mishipa ya moyo, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa mashine, kabla ya kufikiria ule mpira mwembamba unaopitishwa mkononi hadi moyoni. Nilitafuta mtu aliyewahi kupimwa anieleze, nikamkosa. Ndiyo maana naandika.

Niliambiwa nisile kwa saa nne na nisiguse kahawa tangu siku moja kabla. Chai hakuna aliyeitaja, nami asubuhi nikanywa vikombe viwili vya chai ya rangi. Kumbe nayo ina kafeini, ile inayoharakisha moyo! Nilifika mapigo yakiwa 84 kwa dakika, na wao wanataka karibu 60, kwa sababu moyo ukienda mbio picha hutoka na ukungu. Nikamezeshwa kidonge cha kuyashusha, nikakaa kwenye benchi zaidi ya saa moja. Jambo kama hilo lilipaswa kusemwa siku ya kupangiwa miadi.

Figo walishanipima, maana ndizo zinazoitoa mwilini dawa unayochomwa ili mishipa ionekane kwenye picha. Waliniuliza pia kuhusu mzio, pumu na dawa za kisukari. Wanaume huulizwa kama wametumia dawa za nguvu za kiume. Jamani, semeni ukweli: zikikutana na dawa inayopulizwa chini ya ulimi kutanua mishipa, presha huporomoka vibaya. Mimi hiyo ya ulimi iliniachia kichwa kinachogonga.

Mashine yenyewe ni kama pete kubwa, si handaki, kwa hiyo hata anayeogopa kufungiwa atastahimili. Dawa ya picha ilipoingia kupitia kanula, kile kibomba kidogo cha mshipani, joto lilinishuka kooni hadi nyongani, nikaamini kabisa nimejikojolea. Sikujikojolea, ni hisia tu, hupita ndani ya dakika moja. Mtaalamu wa mashine akasema: “Mama, vuta pumzi, zuia, usitikisike.” Sekunde kama kumi, kwisha. Nilishafanya mazoezi ya kuzuia pumzi nyumbani, na yalinisaidia sana.

Majibu: mshipa mmoja umeanza kuwa na mafuta, haujaziba. Nimeanzishiwa dawa ya kolestero.

Mtaalamu wa mashine alikuwa mpole na alinieleza kila hatua. Yeye nampa alama zote. Wiki ijayo anakwenda dada yangu, na nimeshamwambia majani ya chai ayafungie kabatini tangu siku moja kabla.