Uzoefu wangu: karavani ya vitanda viwili na misimu mitatu ya kuwatembelea watoto

Mimi na mume wangu ni wastaafu tunaoishi Coventry, Uingereza. Mimi nilikuwa muuguzi na yeye alikuwa mtu wa ghala. Kwa miaka mitatu sasa, kila inapoingia Machi, tunafunga karavani, yaani kijumba cha magurudumu cha kulala, nyuma ya gari na kwenda kuwatembelea watoto wetu: binti aliyeko Bristol, kiasi cha maili 95 kutoka kwetu, na kaka yake aliyeko Newcastle, maili 200 hivi upande wa kaskazini. Jamaa kadhaa, hasa wale wanaokaribia kustaafu, wameniuliza kama kitu hiki kina faida au ni kujitwisha mzigo, kwa hiyo naandika yale tuliyoyaona wenyewe, yaliyotufurahisha na yaliyotuudhi.

Hatukununua karavani kwa ajili ya utalii. Nyumba ya binti yetu ina vyumba viwili, watoto watatu na choo kimoja, na kila tulipokwenda kulala kwao wajukuu walihamishiwa sebuleni ili Babu na Bibi wapate kitanda. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe halikuwa tatizo langu, kwani nilikuwa naosha vyombo na kukunja nguo tangu siku ya kwanza, lakini kumwona mtoto wa miaka tisa akilala kwenye kochi wiki mbili kwa sababu yangu kulininyima raha. Hoteli tulijaribu mara moja, na chumba kisicho na jiko hakimfai mtu aliyefunga Ramadhani.

Vuli ya 2022 tukanunua karavani ya mtumba iliyotengenezwa 2011, yenye vitanda viwili, jiko la gesi, friji ndogo na choo cha kisanduku, kwa pauni 6,500. Uzito wake wa juu unaoruhusiwa ni kilo 1,250 na gari letu tupu lina kilo 1,500, maana yake karavani ni kama asilimia 83 ya gari, chini kidogo ya ile asilimia 85 ambayo waanziaji hushauriwa wasiivuke. Leseni pia ilitusaidia, kwa sababu mume wangu aliipata 1999, na waliofaulu mtihani kuanzia tarehe 1 Januari 1997 walitakiwa kufanya mtihani wa pili kabla ya kukokota mzigo mzito, mpaka sharti hilo lilipoondolewa tarehe 16 Desemba 2021. Lisingeondolewa, nina hakika angeghairi.

Kasoro kubwa ya karavani za mtumba ni unyevu, na sisi ulitupata. Muuzaji, ambaye sitamtaja, alituhakikishia kuwa kuta ni kavu kabisa, nasi tukamwamini kwa kuwa ndani mlikuwa mnanukia vizuri. Leo ningeijua ile harufu ya manukato kuwa ni dalili. Baada ya baridi ya kwanza kupita, niliposogeza mto wa kochi la mbele nikakuta ukuta umekuwa laini kama boflo lililolowa chai. Fundi alipoweka kifaa chake cha kupimia pembeni mwa dirisha kikasoma asilimia 27, ilhali ukuta usio na kasoro haupaswi kuvuka 15. Matengenezo yalikula pauni 780, na muuzaji akatujibu kwamba dhamana yake ilikuwa ya miezi mitatu tu. Anayetaka kununua, basi, amlipe fundi wake mwenyewe apime kabla fedha haijatoka mkononi, akague pia kwamba ile namba ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 17 iliyochongwa kwenye vioo inalingana na ya kwenye chesi, yaani fremu ya chuma ya chini, na asome tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa tairi, mbili za wiki na mbili za mwaka. Matairi ya karavani huzeeka yakiwa yamesimama, na huweza kupasuka njiani hali meno yake bado marefu. Yetu yalikuwa na miaka minane, tukayatupa.

Safari ya kwanza ilitufundisha kupakia. Nilikuwa nimeweka gunia la mchele la kilo 20 na katoni mbili za nazi ya makopo katika kabati la nyuma kabisa, kwa sababu ndilo lililokuwa na nafasi, na tulipofika barabara kuu lori moja likatupita, karavani ikaanza kutikisa mkia kushoto na kulia hata gari lenyewe likayumba. Mume wangu alitoa mguu kwenye mafuta taratibu bila kugusa breki, kama alivyoelekezwa, na ikatulia. Mimi nilikuwa nimeshamaliza Ayatul Kursi mara mbili. Mzigo mzito ukikaa nyuma huinua pua ya karavani kutoka kwenye ndoano ya gari, na pua ikiwa nyepesi mkia hucheza. Tangu siku hiyo mchele husafiri sakafuni juu ya ekseli, nasi hatuzidishi maili 60 kwa saa, ambazo ndizo kikomo cha sheria kwa anayekokota kwenye barabara kuu, wala hatuingii njia ya kulia kabisa mahali penye njia tatu au zaidi. Bristol tunafika kwa saa mbili na nusu. Newcastle tunaigawa kwa siku mbili, tukilala Yorkshire.

Na Yorkshire ndiko tulikopata somo la gesi, ambalo wauzaji wengi hawalielezi kwa sababu wateja wao husafiri majira ya joto. Ilikuwa Ramadhani ya 2023, iliyoanza tarehe 23 Machi, na tulikuwa katika uwanja wa mkulima mmoja, zile kambi ndogo za wanachama wa klabu za karavani zisizoruhusiwa kuwa na karavani zaidi ya tano. Mchana jua lilikuwa zuri na makondoo yalikuwa na watoto. Saa kumi alfajiri niliamka kupika uji wa daku, nikawasha jiko, ukatoka mwali mdogo wa buluu kama wa kibatari kilichoishiwa mafuta, ukasinyaa, ukazimika. Mume wangu alitoka nje na tochi, akautikisa mtungi, akasema, “Umejaa huu.” Majani yalikuwa meupe kwa barafu. Mtungi tuliokuwa nao ulikuwa wa rangi ya buluu, yaani butani, ambayo ikifika nyuzijoto sifuri hukaa chini ya mtungi kama maji na kukataa kuwa mvuke. Anayesafiri kabla ya Mei anahitaji mtungi mwekundu wa propani, ambayo huendelea kutoa mvuke hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Tulikula daku ya tende, mkate na maziwa baridi tukiwa tumevaa makoti, na unga wa uji ukabaki kwenye sufuria. Asubuhi mkulima alicheka, akatuonyesha duka la mitungi maili tatu kutoka pale.

Umeme nao una hesabu yake. Kambi hutoa waya wa nje wa ampea 16, lakini kwa wakulima mara nyingi ni ampea 10, yaani kama wati 2,300, na birika la nyumbani peke yake linakula wati 3,000. Tulikata umeme wa uwanja mzima mara mbili kabla hatujanunua birika dogo la wati 1,000, ambalo huchemka kwa subira ya mtu wa pwani. Hita ikiwa inawaka, huzimwa kwanza.

Kuhusu maji sina malalamiko, ingawa wengine huyaona ni adha. Pipa ni la lita 40, unalijaza bombani, unalilaza chini na kuliviringisha kwa mpini mpaka mlangoni, na mimi niliyelelewa Pemba nikibeba ndoo kichwani kutoka kisimani naona hiyo ni anasa. Lita 40 zinatutosha siku moja pamoja na udhu wa watu wawili, kuoga tukioga kwenye bafu za kambi. Jambo la kuzingatia ni kwamba usiku wa barafu mrija wa maji huganda, kwa hiyo tunauchomoa na kuuingiza ndani kabla ya kulala, na mwisho wa msimu tunamwaga maji yote, kwani yakiganda ndani ya tangi la maji moto hulipasua. Choo humwagwa kila siku ya pili. Hiyo ni kazi ya mume wangu na sijawahi kuigombea.

Nafasi ya ndani inatosha watu wawili wanaopendana au waliozoeana. Kati ya makochi mawili unaenea mswala mmoja, na kibla kwa Uingereza kiko kusini-mashariki, hivyo karavani ikiegeshwa vibaya mtu hujikuta anasujudu chini ya meza. Kambi kubwa zina utaratibu wa karavani zote kuelekea upande mmoja. Kwa wakulima kuna uhuru zaidi, na mume wangu sasa huingia uwanjani akiwa na dira mkononi, jambo ambalo mkulima mmoja alidhani ni la kutafuta mawimbi ya televisheni. Kukaanga tunafanyia nje, chini ya hema la ubavuni, tangu kalimati zangu zilipoamsha king'ora cha moshi dakika tano kabla ya magharibi.

Msimu wa 2025 ndio ulionifanya nisijutie zile pauni 780. Tuliegesha karavani kwenye shamba nje kidogo ya Bristol kwa siku kumi za mwisho za Ramadhani, na kila jioni kabla ya saa kumi na mbili na nusu binti yetu alileta wanawe, nami nikawa nimeshapika tambi na uji wa pilipili manga. Mara ya kwanza binti alinung'unika: “Mama, watu wataniona nimewaacha wazazi wangu walale shambani.” Nikamwambia aingie aone kitanda changu kwanza. Idi iliangukia Jumapili ya tarehe 30 Machi kwa msikiti wao, na Jumatatu kwa misikiti mingine, kama kawaida yetu. Usiku huohuo saa zikasogezwa mbele, tukapoteza saa moja ya usingizi, na Jumapili hiyohiyo ilikuwa Siku ya Akina Mama ya hapa Uingereza. Asubuhi mjukuu wa kike alisimama kwenye kile kidaraja cha plastiki akapiga hodi, akangoja mpaka nilipoitikia karibu, ndipo akaingia na kadi aliyoikata shuleni kwa mkono mmoja na mkono wa pili ameunyoosha kudai sikukuu yake. Kwao haniombi ruhusa kuingia chumbani. Pale alijua ni kwangu.

Kwa anayetaka hesabu: kuihifadhi karavani yadini tunalipa pauni 40 kwa mwezi, bima mwaka jana ilikuwa 190 kwa sharti la kufuli la ndoano na la gurudumu, na ukaguzi wa mwaka 230, yaani pauni 900 kabla hujalala hata usiku mmoja. Kwa wakulima tumekuwa tukilipa pauni 18 kwa usiku pamoja na umeme, kambi kubwa zimefika 30 na zaidi. Tunalala kama mausiku 40 kwa mwaka, kwa hiyo tunaishinda hoteli ya bei ya chini, lakini kwa tofauti isiyorudisha bei ya kununulia mapema. Anayesafiri wiki mbili tu kwa mwaka ni afadhali akodi.

Ningeinunua tena, ila kwa fundi na mtungi mwekundu tangu siku ya kwanza. Limebaki suala moja. Mume wangu anakaribia miaka 70, umri ambao leseni huanza kuhuishwa kila baada ya miaka mitatu, na macho yake si yale ya 1999, kwa hiyo nimejiandikisha kwa mafunzo ya siku moja ya kukokota. Kwenda mbele naweza. Kurudi nyuma, ambako usukani ukiuzungusha kulia mkia wa karavani huenda kushoto, nimeshajaribu kwenye uwanja mtupu, na koni tatu hazikusalimika.