Darasa la kutuliza akili kwa wanachuo Moshi: elfu tano inayolipa

Wadau wa Moshi, hasa mnaosoma Ushirika, KCMC na Mwenge, kuna kidarasa cha maindifulnesi, yaani kuizoeza akili itulie kwenye kinachotokea sasa hivi, Jumamosi asubuhi kwenye ukumbi mdogo upande wa Rau, elfu tano kwa mara moja, mkeka wanakupa, na kwa mtu mwenye testi mbili wiki moja na asaimenti za grupu juu yake mi naona ni hela ndogo kabisa.

Sio kulala wala kuelea hewani. Unakaa, unafuata pumzi yako, akili ikikimbilia boom (hela ya mkopo ya kujikimu) halijaingia au presentesheni ya Jumatatu unaishtukia unairudisha, ikikimbia tena unairudisha tena, na mwalimu anasisitiza huko kuirudisha ndo zoezi lenyewe. Hapo ndo panaponigusa maana wengi wetu tunalia muda hautoshi kumbe mtu anakaa na noti saa nzima kasoma ukurasa mmoja, mkono unaenda kwenye simu wenyewe hata meseji haijaingia. Siku hizi nashtuka mkono ukiwa bado njiani, na hicho tu kimeniokolea usiku mwingi wa kukesha.

Zoezi lililonikaa ni la karanga. Kozi ya asili ya maindifulnesi hutumia zabibu kavu, hapa Moshi wanatumia karanga ya kukaanga, moja tu kila mtu. Unaigeuza vidoleni, unainusa, unaiweka ulimini bila kutafuna, chumvi inatangulia, lile ganda jekundu linaanza kujibandua lenyewe, halafu ukiuma ndo mafuta yanakuja. Jamani nimekula wali maharage kantini muhula mzima nikiwa naskroli, sikumbuki ladha yake.

Kwa watu wa felloshipi wanaouliza kama ni dini nyingine: aliyeianzisha kozi hii ni Jon Kabat-Zinn, mwaka 1979, Marekani, kwenye hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, kwa ajili ya wagonjwa wenye maumivu yasiyoisha, wiki 8. Alichota kwenye mazoezi ya Kibudha akaacha ibada pembeni. Pale hakuna kuabudu kitu, kuna dada wa kwaya anakuja na rozari yake shingoni.

Kingine cha kubeba ni pumzi ya kabla ya UE (mtihani wa mwisho wa muhula), unatoa taratibu kwa muda mrefu kuliko ulivyovuta, moyo unapunguza mbio kwa sababu ile neva ya vagasi inayoutuliza inafanya kazi zaidi wakati wa kutoa pumzi. Fanya mlangoni pale wenzako wanapoanza kurushiana maswali ya pasti pepa.

Mapungufu yapo. Wanatangaza saa tatu wanaanza na nusu, kitu ambacho kwa mwanachuo kinauma, mwalimu anachanganya Kiingereza mno, na jirani kuna gereji ya bodaboda inayopiga resi katikati ya ukimya. Watu wakijaa mikeka inapungua. Na kama hulali kabisa au unawaza kujidhuru hapa sio mahali pa kutibiwa, muone daktari au mshauri wa chuo, mwalimu mwenyewe anasema hivyo kabla hajaanza.

Wa kwenda aende mapema muhula unapoanza, sio wiki ya UE. Juni na Julai beba sweta, ile sakafu ni baridi.