Nom Wah, New York: tumekunywa chai na Shangazi

Tanga ukiulizwa "umekunywa chai?" huulizwi habari ya kikombe, unaulizwa kama umekula. Wakantoni, Wachina wa kusini, nao ni hivyo hivyo: wanasema yum cha, yaani kunywa chai, na meza imejaa vyakula. Ndiyo maana Shangazi alipokuja New York kunitembelea nilimpeleka Nom Wah, mkahawa wa Kichina uliopo tangu 1920 huko Chinatown, mtaa wa Wachina.

Barabara yenyewe, Doyers, ni fupi na imejikunja kama kiwiko. Pale palianza kama duka la keki na chai. Wally Tang aliajiriwa 1950 akiwa kijana, akapanunua 1974, baadaye pakaenda kwa Wilson, mtoto wa ndugu yake.

Chakula hakipitishwi mezani kwa toroli, kama kwenye baadhi ya mikahawa ya yum cha. Unapewa karatasi na penseli, unatia alama mwenyewe. Shangazi akavaa miwani, akajaza kwa utulivu kama fomu ya pasipoti. Nikachungulia.

"Shangazi, hiyo ni miguu ya kuku."

"Najua, mwanangu. Kwani Tanga tunaitupa?"

Ikaja ndani ya kikapu cha mianzi, ya moto. Huikaanga kwanza, halafu huipika kwa mvuke na maharage meusi yaliyochachushwa, mpaka ngozi inaachia mfupa kwa kufyonza tu. Shangazi hakusema neno. Vifupa alivipanga ukingoni mwa sahani, kimoja kimoja.

Mimi niling'ang'ania har gow, vidonge vya kamba wa baharini vilivyopikwa kwa mvuke: unga mwembamba hadi unaiona rangi ya kamba ndani. Nilitia kidonge kizima mdomoni, ulimi ukaungua. Pupa yangu. Egg roll yao ni nene, imeviringishwa kwa chapati ya mayai. Wengi huifuata hiyo, ila mimi nitarudia kamba. (Kama huli nguruwe, uliza kabla ya kutia alama. Shumai, vidonge vya nyama vilivyo wazi juu, kwa kawaida huwa naye.)

Chai tulichukua ya maua ya krisanthemamu.

"Sukari iko wapi?"

"Haitiwi, Shangazi."

Akaonja, akaguna, akamimina tena. Nikamwonyesha namna ya kugonga meza kwa vidole viwili kumshukuru anayekumiminia, na kufunua kifuniko cha birika ukitaka liongezwe maji. Mtindo huo wa kugonga akaupenda, alimgongea hata kijana aliyeleta bili.

Vitumbua viwili vya ufuta vilibaki, akaomba vifungwe. Jioni nyumbani alivila na chai ya maziwa, sukari vijiko vitatu.