Saa ya ukutani na sentensi niliyokatizwa: uzoefu wangu kwa mwanasaikolojia, Mombasa

Katika chumba kimoja cha ushauri nasaha kisiwani Mombasa kuna saa ya duara iliyotundikwa juu ya kochi la mteja, mahali ambapo mwanasaikolojia huiona wakati wote na mteja haioni kamwe. Saa hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Nimeahirisha mara kadhaa kwa sababu kila nikianza hasira hunipanda, na leo imenipanda vilevile, basi na iwe hivyo.

Niliondokewa na mume wangu. Nikakaa eda miezi minne na siku kumi, nyumba ikiwa imejaa watu, na nilipotoka eda, watu wakaenda makwao na usingizi nao ukaenda zake. Nilisomewa, na kusomewa kulinituliza, kwa hiyo asije mtu akadhani ninadharau. Lakini kila ikifika saa nane za usiku kifua kilinibana kama mtu amekikalia. Jirani yangu ambaye ni muuguzi ndiye aliyenielekeza kwa mwanasaikolojia. Dada yangu aliposikia, aliniuliza kwa sauti ya chini kama sasa nitapelekwa Mathari, ile hospitali ya magonjwa ya akili ya Nairobi.

Siku ya kwanza nilipewa karatasi mbili. Moja ilikuwa ile hojaji iitwayo PHQ-9, kwa Kiswahili kizuri, yenye maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, na kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3. Swali la tisa humuuliza mtu kama amewahi kuwaza kwamba ingekuwa heri afe. Nililisoma mara tatu kabla ya kulijibu. Karatasi ya pili ilikuwa fomu ya ridhaa, kurasa nne za Kiingereza kwa herufi za mchwa. Kiingereza nakisoma, nimefundisha shule ya msingi miaka mingi, lakini mtu aliyetoka kulijibu swali la tisa hana macho ya kusoma ibara ya saba. Nilitia sahihi pale kidole cha binti wa mapokezi kiliponionyesha.

Vikao viwili vya mwanzo vilipita kwa maswali: ninalalaje, ninakula nini, wazazi wangu walikuwa watu wa namna gani. Kama wewe ni mgeni wa mambo haya, usitarajie nafuu hapo. Huyo mtu ndiyo kwanza anaanza kukujua. Nilimwita daktari, naye akanisahihisha kwa upole kwamba yeye ni mwanasaikolojia, haandiki dawa, na kwamba ikihitajika dawa atanielekeza kwa daktari wa magonjwa ya akili. Mimi nilikuwa nimekwenda na mkoba mkubwa wa kutilia vidonge.

Kikao cha tatu ndicho kilichoniharibia. Feri moja ilikuwa mbovu, foleni ya Likoni ikawa haisogei, nami nilipofika nilikuwa nimechelewa dakika ishirini na tano na buibui limelowa jasho. Pengine kwa kuchoka, siku hiyo ndipo nilipofungua kinywa kuhusu usiku wa mwisho wa marehemu. Alikuwa ameniomba maji ya dafu. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote jambo hilo, si dada yangu, si wanangu. Nikafika mahali pa kusema, “Nami nikamjibu,” na yule bibi akainua macho kidogo juu ya kichwa changu, akasema, “Mama, samahani, muda wetu umefika. Tutaendelea Alhamisi.”

Tutaendelea Alhamisi! Kana kwamba ni kitambaa cha kushona, nikitie sindano ya kushikizia nikiweke kando.

Nilitoka nikiwa na sentensi mdomoni, na mapokezi nikakuta ninatakiwa kulipa ada nzima. Nilipouliza kwa nini nilipe nzima kwa nusu ya kikao, binti yule akajibu kwa sauti iliyowafikia watu wote waliokaa pale: “Mama wa saa tisa, si ulitia sahihi?” Akanifunulia ibara ya saba. Muda wa anayechelewa haurudishwi. Anayeahirisha chini ya saa ishirini na nne hulipa kamili. Kikao ni dakika hamsini, wala si saa moja niliyoambiwa kwa simu, kwa kuwa kumi zinazobaki ni za kuandika kumbukumbu. Nililipa kwa M-Pesa vidole vikitetemeka, na usiku huo ulikuwa mbaya kuliko usiku wowote tangu maziko.

Laiti ningeandika siku hiyo, ningewaambia wote wasikanyage pale. Niliwaza hata kumshitaki. Jirani yangu aliniambia kwamba Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 na bodi inayowasajili, na kwamba mteja ana haki ya kuomba kuonyeshwa cheti cha usajili na leseni. Nikarudi Alhamisi kwa nia mbili tu, kuiona leseni na kudai fedha zangu. Leseni ilikuwa ukutani, tena hai, mkabala na kochi nililokalia vikao vitatu. Jambo hilo lilinipunguzia ukali nisivyopenda.

Kisha nikamwambia yote, saa, ada, dafu. Hakujitetea. Alisema, “Hilo ni kosa langu, mama. Nilipaswa kukuashiria dakika kumi kabla, usije ukafungua jeraha bila muda wa kulifunika.” Nakiri kwamba nilichukia zaidi, maana nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi naye akaninyang’anya. Akaongeza kwamba mambo mazito mara nyingi husemwa na wateja mlango ukikaribia, na kwamba wiki za mwanzo mtu huweza kujisikia vibaya zaidi kabla ya kupata nafuu. Haya ndiyo niliyopaswa kuambiwa kwa mdomo, siku ya kwanza, kabla ya machozi. Siku hiyo ndiyo pia aliyonieleza kuhusu siri: kwamba haitoi, isipokuwa akiona maisha yangu au ya mtu mwingine yamo hatarini, au mtoto anadhulumiwa, au mahakama imeamuru. Mimi nilikuwa nimetia sahihi hayo yote nikidhani ni risiti.

Tukamaliza habari ya dafu. Nilikuwa nimemjibu marehemu avumilie mpaka kukuche. Yule bibi hakuniambia nisubiri wala kwamba Mungu ndiye ajuaye, maneno ambayo nimeyasikia mpaka yakaisha ladha. Alininyamazia kimya kirefu, kisha akaniuliza marehemu mwenyewe angenijibu nini. Nililia, halafu nikacheka, kwa sababu najua kabisa angenijibu nini. Usiku ule nililala hadi adhana ya alfajiri.

Sasa nimpe nyota ngapi? Nilikuwa nimekusudia mbili. Kwa mwanasaikolojia nasema nne, pengine ya tano nitamwongezea saa ile ikihamishwa. Meza ya mapokezi haina nyota kwangu, na fedha zile sikurudishiwa. Kama unakaa ng’ambo ya kivuko kama mimi, omba kikao cha asubuhi na uondoke nyumbani saa nzima kabla, kwa kuwa feri haijui ibara ya saba.

Juzi niliomba fomu ile kwa Kiswahili, ili wanawake wenzangu wa Likoni waisome kabla ya kuitia sahihi. Nilijibiwa kwamba inatafsiriwa. Alhamisi nitauliza tena.