Baraza au Minecraft: kupanga upya uwanja wa watoto

Mitaani Nairobi, mipango ya uwanja huanzia barazani. Baraza ni rahisi kuitisha, na wazee wanajua maji ya mvua hupita wapi na nani anadai kipande cha ardhi. Ila wenye kupanda bembea hawaulizwi kitu.

Mwaka 2012 UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, na Mojang, kampuni iliyotengeneza Minecraft, walianzisha mradi wa Block by Block: wakazi hujenga uwanja wao ndani ya Minecraft, mchezo wa kompyuta wa kujenga kwa vipande kama matofali. Kibera ilikuwa kati ya maeneo ya mwanzo. Asiyewahi kusoma ramani huona papo hapo taa ikae wapi. Lakini yataka kompyuta, umeme na mkufunzi, na mchezo hautaji bei ya saruji.

Mimi ningemaliza mipaka barazani kwanza, ndipo niwape watoto kompyuta.