Union Version au Habari Njema: ununue ipi kwa swali la upendo wa Mungu?

Swali la kama Mungu hupenda bila masharti hujibiwa vizuri zaidi ukiwa na Biblia mbili za Kiswahili mezani: Union Version na Habari Njema. Pesa zikitosha moja tu, chukua Union Version ya 1952, yenye itifaki nyuma, yaani orodha ya maneno na aya yanamopatikana. Utaipata kwa Chama cha Biblia cha Kenya, Madaraka, au katika maduka ya vitabu vya Kikristo katikati ya Nairobi.

Ubora wake kwa swali hili uko kwenye vitenzi. Warumi 5:8 inasema Kristo alikufa "tulipokuwa tungali wenye dhambi". Hapo hakuna -ki-, kiambishi cha sharti kama katika "ukija", wala neno "kama". Unatajwa wakati tu, tena wakati mbaya. Sasa fungua Yohana 15:10: "Mkizishika amri zangu, mtakaa katika pendo langu." Hiyo ni -ki- ya sharti, haina ubishi. Lakini tazama sharti limefungwa kwenye kitenzi kipi: kukaa, si kupendwa. Aya ya 9, juu yake tu, Yesu amekwisha kusema kwamba amewapenda. Yuda 21 inapita njia hiyohiyo: "jilindeni katika upendo wa Mungu". Anayehubiri upendo usio na masharti huishia Warumi. Anayependa kutisha waumini huanzia Yohana 15:10 na kuiruka ya 9. Na maneno "usio na masharti" hayamo katika aya yoyote kati ya hizo.

Itifaki ina mtego. Upendo umetawanyika chini ya maneno matatu: upendo, pendo na fadhili. Zaburi 136 inarudia kwamba fadhili za Mungu ni za milele katika aya zote 26, na neno la Kiebrania lililo nyuma yake, hesed, ni upendo wenye uaminifu wa agano. Ukitafuta "upendo" peke yake, zaburi nzima inakuponyoka.

Habari Njema ni nyepesi masikioni na inafaa kusomwa kwa sauti mbele ya vijana. Kwa kuwa hutafsiri maana kuliko umbo la sentensi, katika kupima vitenzi iwe ya pili. Ila toleo lake lenye Deuterokanoni, vitabu vya ziada ambavyo Wakatoliki huvikubali, lina kitu ambacho Union Version haina: Hekima ya Solomoni, sura ya 11, inayosema Mungu anapenda vyote vilivyopo na hachukii chochote alichokiumba. Kwa jumuiya ndogondogo za Kikatoliki hiyo ni aya nzito. Kabla ya kulipa, tafuta Tobiti na Yudithi, vitabu viwili vya Deuterokanoni, katika orodha ya vitabu, usiamini jalada.

Kwa jaribio gumu, soma Hosea 9:15, ambapo Mungu anasema hatawapenda tena Waisraeli, kisha sura ya 14, anapoahidi kuwapenda kwa moyo mkunjufu. Hapo Biblia zote mbili zinakuacha na kazi ya kufanya, na ndivyo inavyopaswa.

Kuhusu nakala yenyewe: ifungue katikati, karibu na Zaburi. Ukiona uzi, imeshonwa; ikiwa ni gundi tupu, kurasa zitachomoka. Zile ndogo za zipu zina herufi za kuumiza macho. Pigia mstari kwa penseli, maana wino hupenya karatasi hadi upande wa pili.