Mimea ya ndani: tazama itakavyokua kabla ya kununua

Dukani karibu kila mmea unaonekana utatosha mezani, kwa kuwa bado mchanga. Jiulize utaelekea wapi ukikomaa: juu, pembeni au chini. Nimeipanga kuanzia ninaoupendekeza zaidi.

1. Sansevieria, ya kusimama wima. Kwa mwenye nafasi finyu sioni mshindani. Majani yake magumu huchomoza udongoni na kunyooka, kwa hiyo upenyo kati ya kochi na ukuta unaitosha. Huzaana chini kwa chini: shina lake la ardhini husambaa na kutoa machipukizi ubavuni, hadi kopo la plastiki linavimba na kupinda. Muuzaji huenda akaona aibu kukuonyesha kopo la namna hiyo. Lichukue hilo hilo. Ukifika nyumbani utaugawa mmea na kupata miwili au mitatu.

2. Pothosi, ya kuning'inia. Hii ni ya rafu ya juu, mbali na watoto na paka, maana majani yake huwasha mdomo yakitafunwa. Usivutiwe na urefu. Shina refu lenye majani yaliyoachana mbali limekosa mwanga; bora chungu chenye mashina mengi mafupi yaliyojaa majani. Shina likirefuka kupita kiasi, likate, na kipande chenye kifundo (pale jani linapochomoza shinani) ukitie kwenye maji kitoe mizizi.

3. Ficus elastica, ya umbo la mti. Hupanda kwa shina moja kuelekea darini na kwa kawaida haitoi matawi mpaka ukate ncha. Vaa glavu, utomvu wake mweupe unawasha. Anayetaka kichaka atafute chungu chenye mashina matatu tangu mwanzo.

4. Monstera. Najua wengi wanaitaka hii kwanza. Lakini porini hupanda miti kwa mizizi ya hewani, na chumbani isipopewa nguzo hulala pembeni, vikonyo vikitanuka kila upande. Jani moja la mmea uliokomaa huweza kuzidi nusu mita. Inunue kama una kona pana yenye mwanga, pamoja na nguzo yake, na uisimike nguzo mapema kabla mizizi haijajaa chunguni. Majani machanga yasiyo na matundu yasikutie shaka. Matundu huja mmea ukikua.